Biri Hukatwa Juu ya Bega

Kazi ya mwisho ya msokotaji wa biri ndiyo inayokuwa ya kwanza kuharibiwa na mvutaji. Katika viwanda vya Havana, msokotaji akishaivika biri jani lake la nje, kuanzia mguuni inapowashwa hadi kichwani inapotiwa mdomoni, huchukua chaveta, kile kisu kipana kisicho na mpini, akakata kijiduara kidogo cha jani. Hukipaka gundi ya mimea isiyo na ladha, akakibandika kileleni na kukisugua kwa ncha ya kidole mpaka mshono upotee. Biri za Cuba huvikwa hivyo kwa tabaka tatu. Hiyo ndiyo kofia, na kazi yake ni kulizuia jani la nje lisifumuke.

Biri ninayoizungumzia hapa ni ile kubwa, inayosokotwa kwa mkono kwa majani matupu ya tumbaku bila karatasi. Hutoka kiwandani kichwa kikiwa kimezibwa, na anayetaka kuivuta hana budi afungue tundu. Hapo ndipo maudhi yanapoanza. Mmoja anachukua kisu cha kukatia ndimu na kuondoa kichwa chote mpaka kwenye mwili. Haupiti muda jani la nje linamning'inia midomoni na vipande vya tumbaku vimemjaa ulimini. Mwingine anaogopa, anatoboa kijitundu chembamba mno, kisha anavuta mpaka mashavu yanaingia ndani na moshi hautoki. Wote wawili watasema wameuziwa biri mbovu, na mara nyingi biri haikuwa na kosa lolote.

Ninachotaka kieleweke ni hiki: kisu hakiumbi mvuto. Mvuto, yaani namna hewa na moshi vinavyopita ndani ya biri unapoivuta, umekwisha kuumbwa kwenye meza ya msokotaji miezi au miaka kabla ya wewe kuinunua. Mkataji anafungua tu njia iliyokwisha kuwepo. Akijua njia hiyo ilivyotengenezwa, atajua pia akate wapi na kwa kiasi gani.

Njia ya hewa inavyotengenezwa

Ndani ya biri nzuri hamna tumbaku iliyokatwakatwa kama ya sigara za kawaida. Mna majani marefu, yanayoanzia mguuni na kuishia kichwani. Wacuba huyapa majina kulingana na mahali yalipochumwa kwenye mmea. Volado ni ya chini, na huwaka upesi. Seco ni ya katikati, na ndiyo yenye harufu nzuri zaidi. Ligero ni ya juu, yaliyopigwa na jua kuliko mengine; ni mazito, yana nguvu, na huwaka polepole. Msokotaji huiweka ligero katikati kabisa, na kuizungushia yale yanayoshika moto kwa urahisi, ili biri iwake sawasawa pande zote.

Sasa tazama mikono yake. Anachukua jani moja, analikunja kwa urefu mpaka liwe kimrija, analiweka kiganjani. Anachukua la pili, analikunja vivyo hivyo, analiweka kando ya lile la kwanza. Anaendelea mpaka kiganja kimejaa kiasi anachokitaka, kisha anavifunga vimrija vyote kwa jani gumu la kufungia. Mtindo huu huitwa entubado, na ndio siri ya biri inayovutika: kati ya kimrija na kimrija hewa inapata pa kupita, kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Upo mtindo mwingine wa haraka, ambapo majani hulazwa moja juu ya jingine na kukunjwa yote kwa mkupuo mmoja. Biri ya namna hiyo inaweza kupendeza kwa macho, lakini njia zake za hewa ni chache na hubanana upande mmoja.

Hakuna mizani wala rula inayomwambia msokotaji kwamba jani la mwisho limezidi. Vidole vyake ndivyo vinavyojua. Akizidisha, biri itabana. Akipunguza, itakuwa na mapengo, itawaka kwa kasi, moshi utakuwa wa moto na ladha itageuka kuwa chungu. Jani moja likijipinda katikati, linakuwa fundo ambalo hewa haipiti. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vya Cuba vilianza kutumia mashine za kupima mvuto. Kifungu cha majani, kabla ya kuvikwa jani la nje, huwekwa kwenye mashine inayofyonza hewa na kuonyesha kipimo cha ukinzani. Kikitoka nje ya kiwango, hurudishwa kwa aliyekitengeneza, akifungue na kukipanga upya. Kwa maoni yangu hilo ni jambo kubwa kuliko kikatio chochote kinachouzwa madukani.

Nikiwa bado katika ukumbi huo wa wasokotaji, sitaki kumpita mtu mmoja anayeketi mbele ya meza zao. Ni msomaji. Tangu mwaka 1865, katika kiwanda cha El Fígaro mjini Havana, wafanyakazi walijiwekea utaratibu wa kusomewa kwa sauti wakiwa kazini, na wenyewe ndio waliochanga malipo ya msomaji huyo. Husomewa magazeti, kisha riwaya. Biri za Montecristo, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1935, zilipewa jina kutokana na riwaya ya Alexandre Dumas. Watu waliosikia vitabu vizima wakiwa wameinamia tumbaku ndio waliotengeneza kile kichwa kidogo tunachokikata bila kukitazama.

Mahali pa kukata

Ishike biri wima penye mwanga, kichwa juu, uizungushe polepole. Kileleni kuna mviringo. Ukishuka kidogo, mviringo unaisha na mwili ulionyooka unaanza. Mahali hapo panaitwa bega. Ukitazama kwa makini utaona pia mstari mwembamba unaozunguka kichwa, pale ukingo wa kofia unapolalia jani la nje. Mkato unatakiwa uwe juu ya mstari huo na juu ya bega, ndani ya mviringo wenyewe, kiasi cha milimita moja na nusu hadi mbili tu kutoka kileleni. Sehemu ya kofia inayobaki, ile inayozunguka kichwa, ndiyo itakayoendelea kulishika jani la nje mpaka mwisho.

Ukivuka mstari umeikata kofia yote. Hakuna tena kinachoshika. Joto la moto na mate ya mdomo hulilegeza jani, nalo huanza kujifungua taratibu, na hakuna mkato mwingine unaoweza kulirekebisha. Ukikata kidogo mno bado una nafasi ya kukata tena. Hiyo ndiyo sababu wauzaji wenye uzoefu huanza na mkato mdogo kuliko ule wanaodhani unatosha. Kipande cha jani kilichokwisha kutoka hakirudi.

Kifaa kinachotumika zaidi ni kikatio cha gilotini, chenye tundu ambamo kichwa huingizwa na visu vinavyokutana. Vipo vya kisu kimoja na vya visu viwili. Cha kisu kimoja husukuma kichwa upande wa pili kabla ya kukikata, na kama makali yamepungua, kinakisaga. Cha visu viwili hubana kutoka pande zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo jani halisukumwi popote. Ningemshauri mtu yeyote anunue cha visu viwili hata kama ni cha bei ndogo, mradi kiwe kikali, na akitupe makali yakiisha.

Namna ya kukitumia ni hii. Kama biri imekaa mahali pakavu, lowesha kichwa kidogo kwa midomo au kipulizie pumzi, jani lisije likapasuka. Funga visu polepole mpaka viguse jani pande zote mbili na kushika mahali ulipokusudia. Tazama tena kama viko juu ya bega na kama vimekaa sawa, visiinamie upande. Kisha funga kwa nguvu moja, haraka, bila kusita. Kusita katikati ndiko kunakochana. Mkato mzuri una uso ulio sawa, na ndani yake unaona mizunguko ya majani yaliyokunjwa. Hapo ndipo unapoweza kuhukumu kama msokotaji alifuata mtindo wa vimrija au alikunja kwa mkupuo.

Kwa asiyeuamini mkono wake upo ujanja mmoja unaotumika sana. Kilaze kikatio mezani, visu vikiwa wazi. Isimamishe biri ndani ya tundu, kichwa kikielekea chini mpaka kiguse meza. Funga. Unene wa kikatio wenyewe utazuia mkato usizidi, maana visu viko juu ya meza kwa milimita chache tu. Ujanja huu unafaa kwa biri zenye kichwa cha mviringo pekee, wala usiutumie kwa zenye kichwa kilichochongoka.

Kipo pia kitoboleo, kijibomba chenye makali kinachochimba tundu la duara katikati ya kofia na kuiacha sehemu nyingine yote ikiwa nzima. Watu wengi wanakipenda kwa sababu hakiwezi kuifumua biri, kinaingia kwenye mnyororo wa funguo, na hakiachi vipande vya tumbaku mdomoni. Lakini twende kwenye hesabu. Unene wa biri hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi. Biri aina ya robusto yenye kipimo cha 50 ina upana wa karibu milimita 20. Mkato wa gilotini uliofanywa vizuri unaweza kufungua duara la milimita 15, ambalo eneo lake ni takriban milimita za mraba 177. Kitoboleo cha milimita 8 kinafungua milimita za mraba 50 tu. Moshi uleule unaopita kwenye mkato ulio wazi sasa unapita kwenye nafasi isiyofika theluthi moja yake. Unakimbia zaidi, unafika ulimini ukiwa umekusanyika mahali pamoja, na lami yake inaganda kuzunguka tundu. Ndiyo maana mvutaji wa kitoboleo hulalamika uchungu unapoifikia nusu ya biri. Dawa yake ni kukata kipande chembamba kwa gilotini wakati huo, na uchungu hupungua mara moja.

Hata hivyo sikikatai kitoboleo. Kama biri yenyewe imelegea, imesokotwa kwa majani machache na hewa inapita kupita kiasi, tundu dogo huipunguza kasi na kuifanya ivutike kwa utulivu. Hili wengi hawalijui. Husikia kwamba lengo ni mvuto bora, wakadhani bora ni mwepesi, wakaendelea kukata. Biri inahitaji ukinzani kiasi. Mvutaji mzoefu huvuta mara moja kwa dakika au karibu na hapo, taratibu, na hewa ikipita kwa ugumu kidogo moto hubaki wa wastani na ladha hubaki tamu.

Kikatio cha tatu hupasua mfereji wa umbo la V kichwani. Kinashuka ndani kuliko gilotini huku kikiacha kingo za kofia zikiwa nzima, na kinafaa kwa biri nene. Kwa biri nyembamba ni hatari, maana mfereji unaweza kufika begani. Mkasi wa biri unapendeza mkononi mwa anayeujua. Kwa mgeni hukata mshazari.

Vichwa visivyo vya kawaida

Biri si zote zenye kichwa cha mviringo. Montecristo namba 2, yenye urefu wa milimita 156 na kipimo cha 52, ina kichwa kilichochongoka. Hapa kanuni ya milimita mbili haitoshi. Kichwa kinapanuka kadiri unavyoshuka, kwa hiyo ni wewe unayechagua upana wa tundu. Anza karibu na ncha, vuta bila kuwasha, ukiona inabana shuka milimita nyingine moja. Wapo wanaokata mshazari ili kuongeza nafasi bila kushuka sana, na mkato huo unafaa ikiwa kisu ni kikali. Faida ya umbo hili ni kwamba mvutaji anaweza kurekebisha mvuto kwa mkono wake kuliko katika biri nyingine yoyote. Kitoboleo hakifai hapa hata kidogo.

Cohiba Lancero ni kinyume chake: ndefu, milimita 192, na nyembamba, kipimo cha 38, sawa na milimita 15. Ndizo biri alizozipenda Fidel Castro kabla ya kuacha kuvuta mwaka 1985. Kichwani zina kijimkia kilichosokotwa, na inatosha kukata chini tu ya kijimkia hicho. Wembamba wake unafanya kazi ya msokotaji iwe ngumu sana, kwa kuwa jani moja lililozidi linatosha kuibana biri nzima, na hakuna mkato utakaolitoa.

Zipo pia zilizochongoka pande zote mbili. Mfano wake ni za Hemingway kutoka kampuni ya Arturo Fuente ya Jamhuri ya Dominika. Hizi huwadanganya watu. Ukizikata na kuvuta kabla ya kuwasha zinabana, na mtu hukimbilia kukata tena kichwa. Kinachobana kiko upande wa mguuni, ambako tundu limefinywa. Ziwashe, uwe na subira, na moto ukifika kwenye mwili mpana mvuto hufunguka wenyewe. Jani lao la nje lina asili ya bara letu: ni jani la Cameroon, linalolimwa nchini humo na katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ni jembamba, lenye vipele vidogo vya mafuta, na hupasuka upesi kuliko majani mengi. Kikatio butu hulichana palepale.

Na kuna biri ambazo hazina kofia kabisa. Toscano za Italia, zilizochongoka pande zote mbili na kutuna katikati, kwa desturi hukatwa nusu kwa nusu, kila kipande kikawa biri yake. Hutengenezwa kwa tumbaku iliyokaushwa kwa moshi wa kuni. Wakulima wa Songea na Namtumbo wanaijua tumbaku ya jamii hiyo, wao wakiiita tumbaku ya moshi, tofauti na tumbaku ya mvuke ya Tabora, Urambo na Chunya, ambayo ni ya sigara za kawaida.

Wakati kisu hakina hatia

Ukishakata, usiwashe. Iweke biri mdomoni uvute mara mbili tatu ikiwa baridi. Hili ni jaribio muhimu kuliko yote, na halikugharimu kitu. Ukisikia hewa inapita kwa ukinzani mdogo na ladha ya majani, nyasi kavu au mbao inafika ulimini, mkato wako umetosha, acha. Ukisikia inabana, ongeza unusu wa milimita, mradi hujafika begani. Ukiongeza na bado inabana, weka kikatio chini, kwa sababu tatizo haliko kichwani.

Mara nyingi liko kwenye unyevu. Biri hutunzwa vizuri katika unyevunyevu wa asilimia 65 hadi 70. Ukizidi hapo majani huvimba, na zile njia za hewa kati ya vimrija hubanana. Mtu anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa ya pwani yenyewe ina unyevu mwingi, asiiache biri wazi mezani kwa wiki nzima kisha akailaumu. Tiba yake ni sanduku la mbao za mwerezi lenye kipimo cha unyevu, na kuiacha humo siku kadhaa mpaka itulie. Nimeona biri iliyodhaniwa kuwa imeziba ikivutika vizuri sana baada ya kupumzishwa. Bara, katika miji mikavu kama Dodoma, shida ni ya upande wa pili: jani hukauka, na kisu kinapoligusa hupasuka mpaka kwenye mwili.

Sababu nyingine ni fundo. Ibonyeze biri taratibu kwa vidole kutoka kichwani hadi mguuni, utasikia mahali palipo pagumu kuliko kwingine. Ukiwa na bahati, kulisugua fundo kwa kulizungusha kati ya vidole hulilegeza. Vipo pia vijisindano virefu vyenye meno madogo, vinavyoingizwa kupitia mkato na kutoa nyuzi chache za tumbaku katikati. Vinafaa, lakini ingiza polepole na usilitoboe jani la nje. Ikishindikana, ni biri iliyosokotwa vibaya, na hilo hutokea hata kwa zile za bei kubwa.

Winston Churchill, aliyefika Cuba kwa mara ya kwanza mwaka 1895 akiwa afisa kijana, alikuwa na kikatio chake, lakini akapendelea kulowesha kichwa na kukitoboa kwa kijiti kirefu cha kiberiti. Biri ndefu ya milimita 178 ikapewa jina lake. Heshima yake ibaki palepale. Njia hiyo siipendekezi. Kijiti hakikati, kinasukuma majani yaende ndani na kuyasongamanisha chini ya kofia, na anayekirudia kila mara anajitengenezea mwenyewe fundo ambalo msokotaji alijitahidi kuliepuka. Meno ni mabaya zaidi, ingawa ndiyo kikatio cha wasafiri na askari tangu zamani.

Miongoni mwa askari hao yumo mmoja ambaye eneo letu linamkumbuka. Ernesto Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma Aprili 1965 kwenda kupigana Kongo, akijulikana huko kwa jina la Tatu, na baada ya kushindwa alijificha katika ubalozi wa Cuba mjini Dar es Salaam akiandika kumbukumbu za vita hivyo. Alikuwa na pumu tangu utotoni na bado hakuacha biri. Katika kitabu chake kuhusu vita vya msituni aliandika kwamba tumbaku humliwaza mpiganaji, akasifu kiko kwa sababu kinaruhusu kutumia hata mabaki ya biri yasiyovutika tena. Ujerumani ya karne ya 19 nayo haikutupa kitu: vilikuwepo vyama vilivyokusanya vile vichwa vilivyokatwa, vikaviuza, na fedha zikasaidia watoto yatima.

Lazima niseme wazi pia kuhusu afya, kwa kuwa watu hudanganyana kwamba biri haidhuru kwa sababu moshi wake haumezwi. Biri moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku nyingi sawa na pakiti nzima ya sigara. Nikotini huingia mwilini kupitia ngozi laini ya mdomo hata bila kumeza moshi, na uvutaji wa biri husababisha saratani ya mdomo, koo, umio na mapafu. Mkato mzuri haupunguzi lolote katika hayo. Asiyevuta asianze kwa sababu ya makala haya. Anayevuta mara moja moja, harusini au baada ya kumaliza kazi kubwa, ndiye ninayesema naye.

Nasema pia na ndugu zangu mnaohudumu katika hoteli za Zanzibar, Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa, ambako biri huletewa mgeni kwenye sahani. Nawaomba mambo machache. Msimkatie mgeni biri kabla hajawaambia anapenda mkato wa namna gani; mleteeni biri nzima na kikatio kando yake, na kama akiwaomba mkate, muulizeni kwanza, kisha mkate kidogo, juu ya bega, mumwachie ajaribu mvuto kabla ya kuwasha. Kisu cha baa kilichokata malimau kisiguse biri kabisa, kwa maana harufu inabaki. Futeni visu vya kikatio kila baada ya kutumika, maana utomvu wa tumbaku huganda na kuyaua makali. Na mameneja, kikatio kipya cha visu viwili ni cha bei ndogo kuliko biri moja ya Cuba mnayolazimika kuibadilisha kwa sababu imefumuka mikononi mwa mgeni.